Maziwa ya Kaburini

Maziwa yalipofika nusu kikombe, ng'ombe aligoma. Mokami hakumwita mtu kunywa. Alikipeleka kikombe moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye kaburi dogo lililozungushiwa mawe, akayamwaga yote.

"Tosheka," aliliambia. "Nakuomba, usije ukachukua na kilichobaki."

Ghati, bintiye wa miaka tisa, alitazama udongo ukinywa kifungua kinywa chake. Kijiji kizima cha Natta kilikuwa kikavu mwaka huo, na pale nyumbani ng'ombe wa maziwa alikuwa huyo mmoja. Kaburi nalo halikuwa na adabu ya kusema limeshiba.

Kisa kilianza na malaria. Homa zilikuja, zikaenda, zikarudi, mpaka tumbo likavimba upande wa kushoto. Mokami akalikanda kwa samli, taratibu, kwa mapenzi, kama mama yake alivyokuwa akiwakanda yeye na ndugu zake. Kitu kikapasuka ndani. Hospitalini daktari alieleza kuwa bandama iliyovimba vile haitaki hata kubonyezwa.

Werema, mumewe, ndiye aliyerudi nyumbani na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitenge. Mokami akataka kizikwe nyuma ya nyumba, walipozikwa watu wote wa familia ile. Tangu siku hiyo mikono yake haikumgusa mtoto. Hata mwiba ukimchoma Ghati, aliyeutoa ni jirani.

"Mama Ghati, imetosha," Werema alimwambia kila aliporudi kutoka kambi ya watalii. "Hakuna anayekulaumu."

"Hakuna," Mokami alijibu. "Lakini nikiinama pale, nasikia kinahema."

Werema naye siku hizi alipita mbali na mawe yale.

Asubuhi hiyo ya nusu kikombe Ghati alishindwa kuvumilia. Aliruka mawe, jambo alilokatazwa kabisa, akajilaza chali juu ya kaburi.

Mokami alipiga yowe. Alikimbia, akainama amnyanyue, lakini mikono ikamgomea hewani.

Ghati aliushika mkono mmoja. Akauvuta chini, akauweka kwenye kovu refu lililokatiza tumbo lake.

"Hapa mlizika bandama yangu tu, Mama," alisema. "Mwenye njaa ni mimi."