Mbili za Hakika

Mwatime alimletea mumewe chai ya alasiri, kama alivyomletea kila siku kwa miaka tisa, akamkuta Shekue ameinamia simu. Alikuwa akimjenga shujaa wake wa gemu, mwanamke mwenye ngao, ambaye zamani, walipokuwa bado wanachekeana, alimpa jina la mkewe.

"Mwatime amepanda ngazi," Shekue alisema. "Nimpe nguvu mbili za hakika, au nimrushie kete? Kete inaweza kutoa hata kumi."

"Haba na haba, bwana. Mpe mbili."

"Mbili ni za waoga."

Akarusha. Ikatoka sifuri.

"Mara ya tatu hii! Mwanamke huyu ana mkosi."

"Kete umerusha wewe," Mwatime alisema.

Shekue alimfuta yule shujaa, na simu ikamuuliza jina la mpya. Kidole chake kiliandika Salha bila kusita, jina la fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Kisha akanyoosha mkono pembeni, macho yangali kwenye simu, apokee chai yake.

Mwatime alisimama na kikombe. Mvuke ulimpanda usoni, na ule mkono ukaendelea kungoja hewani.