Dole Gumba la Zuleica

Kesi ya mashamba yaliyochukuliwa na kampuni ya gesi ilikuwa haijasikilizwa, lakini hukumu ilishachapwa. Hakimu akaisogeza kwa Zuleica, ambaye wanakijiji walimchagua akae naye mezani kama mtu wao.

"Weka dole gumba hapa, senhora. Maagizo yametoka juu."

Zuleica akabonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Hakuhisi chochote zaidi ya ubaridi.

Hakimu akaifudikiza karatasi, akaita shahidi wa kwanza. Akaingia bibi kizee aliyekumbatia nazi tatu za shamba lake ziwe ushahidi, akaziweka mezani, juu ya karatasi ile ile.

"Nianzie wapi, mwanangu?"

Zuleica akaficha kidole ndani ya kanga.

"Anzia mwanzo, mama. Tunakusikiliza."