Vifijo vya Waliolipa

Chuoni, kila Kondo alipopigwa ngumi, ukumbi mzima ulinyamaza kama msibani, maana watazamaji wote walikuwa wenzake. Akipiga yeye, paa lilitaka kung'oka. Leo anapigana ndondi za kulipwa kwa mara ya kwanza, na ukumbi wa mji umejaa pomoni watu asiowajua hata mmoja.

Damu ilikuwa imemziba macho.

"Niache nirushe taulo pambano likome, mwanangu," kocha wake, Mzee Pazi, alimsihi konani. "Jicho hilo utalizika hapa hapa."

"Thubutu, Mzee! Huwasikii wanavyonishangilia?"

"Hawa wamelipa waone damu. Ya nani, haiwahusu."

Kengele ikalia. Kondo akarusha ngumi gizani, ikagusa bega tu. Ya mpinzani wake ikampasua nyusi, damu ikaruka hadi viti vya mbele, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

Nimemwangusha, Kondo akajisemea. Akainua mikono yote miwili juu, uso wazi, akitabasamu.

Mpinzani, aliyesimama wima palepale mbele yake, akavuta mkono nyuma.

"Polepole bwana, usimmalize upesi!" mtu akapiga kelele. "Tumelipa!"

Watu wakapanda juu ya viti ili waone vizuri.