Mwombaji wa Kwanza

Waombaji walikuwa kumi na tisa, na nafasi ya kupima wajawazito kwa ultrasound ilikuwa moja tu. Zawena aliitwa wa kwanza. Tangu ahitimu chuo, miaka minne sasa, alikuwa akikaanga chipsi, na leo ndipo aliposhika tena kifaa cha kupimia wajawazito.

Mwenye zahanati, Daktari Mwinshehe, alikuwa amemwomba Mwanaidi, mjamzito wa miezi saba, alale kitandani ili waombaji wajaribiwe kwake. Naye angepimwa bure.

Zawena alimpaka jeli tumboni, akatafuta. Kwenye skrini akauona uti wa mgongo wa mtoto, akaviona viganja. Moyo akautafuta mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akainuka na kumnong'oneza daktari, "Mapigo hayapo."

Daktari alikichukua kifaa, akatazama mwenyewe kwa muda mrefu. Uso ulimsawijika. Akamvuta Zawena kando.

"Kazi umepata," alisema kwa sauti ya chini. "Laki sita kwa mwezi, na unaanza sasa hivi. Mwambie wewe."

Akatoka kwenda kuwaambia wale wengine waende zao. Furaha ilimruka Zawena kifuani kabla hajawahi kuizuia, na akaionea haya. Nje, mabenchi yalisogezwa, na mtu akaguna.

"Mbona mnanong'onezana?" Mwanaidi aliuliza huku akitabasamu. "Ni wa kike, siyo? Baba yake anamtaka wa kike."

Zawena alichukua kitambaa, akaanza kumfuta jeli taratibu, mkono wake wa pili ukiutafuta mkono wa Mwanaidi.