Ofisi ya Ghorofani

Wakili Shembilu alikuwa akiwaonyesha wageni ofisi yake mpya ya ghorofani aliposikia sauti anayoijua mapokezini. Ilikuwa ya Bi Msimu, mteja wake wa kwanza, aliyemwamini tangu alipokuwa na meza moja tu kando ya soko.

Alimkimbilia. "Shikamoo, mama. Karibu uketi."

"Marahaba. Sikai, mwanangu. Nimekuja kukuambia kesi ya nyumba yangu imekwisha. Wiki iliyopita hakimu alikuita, akakuita tena. Nikamwambia, atakuja, namjua."

"Nilimtuma wakili wangu mmoja, mama."

"Hakuja mtu."

Shembilu mwenyewe ndiye aliyempa yule wakili kesi nyingine asubuhi hiyo hiyo, katika mahakama ya mbali, kwa kuwa ilikuwa ya kampuni kubwa. Alijiambia kesi ya Bi Msimu ingeahirishwa tu, kama kawaida.

"Tutakata rufaa," alisema. "Kesho nakwenda mwenyewe."

"Nyumba wameshaivunja leo," Bi Msimu alisema, kwa upole uliomuuma kuliko matusi. "Sikutaka uisikie kwa watu."

Akageuka, akaanza kushuka ngazi huku ameshika ukuta.

Shembilu aliwaacha wageni wake, akamfuata mpaka barabarani. Palikuwa na mkokoteni, na juu yake mlango wa mbao, kufuli lingali limefungwa. Bi Msimu aliinama, akaanza kusukuma. Shembilu akashika upande wa pili.

"Tunakwenda wapi, mama?"

Bi Msimu aliitazama barabara, kulia kwanza, kisha kushoto.