Jina Mlangoni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye tai shingoni. Timu yetu ya magongo ya barafuni, pale Moncton, ilikuwa imepigwa mechi ya tisa mfululizo. Tukimaliza mkiani, mmiliki anaihamishia mji mwingine. Nami meneja nikamfukuza kocha wa tano.

Mzee Lorne, mnoa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni, alikuwa akibandua jina la kocha mlangoni kwa kisu. Gundi ya majina yote matano ilikuwa imemganda kwenye kucha.

"Nimebadilisha makocha, makipa, hata rangi ya jezi," nikajigamba. "Haya mzee, kimebaki nini?"

Akakielekeza kisu kwenye mlango wangu.

"Lile jina, bosi. Miaka saba sijalibandua."