Makopo ya Uvunguni

Sheria ilikuwa moja kwa wote: kiwanda kikishayeyusha vyombo vyako vya kioo vya zamani, kinakurudishia bilauri safi, pamoja na madini ya risasi yaliyochujwa humo, ndani ya kopo lililozibwa. Sumu ya mtu hukaa kwa mwenyewe. Kuizika au kuitupa ni kifungo.

Mwanakombo alipeleka bilauri za maua alizoachiwa na marehemu mama yake. Alirudi na bilauri zinazong'aa na kopo dogo, zito kama jiwe. Alipoinama kulipanga na mengine uvunguni mwa kitanda cha wageni, aliona moja limeanza kuvuja vumbi la kijivu mfunikoni.

Mara hodi. Alikuwa binti yake Mishi, tumbo mbele, amekuja kwao kujifungua mimba ya kwanza.

Mwanakombo alimkalisha sebuleni, akampa maji.

"Mama, bilauri hizi nzuri mno!"

Mwanakombo alikuwa ameshaanza kuhamisha makopo kutoka chumba cha wageni hadi chumbani kwake. Mumewe, mzee Shaweji, alisimama mlangoni akimtazama.

"Na sisi je, mke wangu?"

"Sisi tumeshazaa," alisema, akayasukuma uvunguni mwa kitanda chao, upande anaolala yeye.

Kisha akaenda kunawa mikono. Alinawa, akanawa tena, na bado aliogopa kwenda kumkumbatia mwanawe.